Nilivyoliuzia Jiji Umeme

Jumatatu, 2 Juni 2025

Marcelline amepanda basi la Jo'burg asubuhi. Dada yake amejifungua mapacha, anakwenda kumsaidia siku kumi. Kabla ya kutoka ameniita jikoni, ameweka mkono juu ya friza yake na kuongea taratibu, kama anayemwachia mtu mtoto. Ndani kuna kilo arobaini za samaki, vibua tupu, sisi tunawaita thomson, atakaowapika kwa arusi ya binti wa Mama Valérie, mteja wake mkubwa. Jumamosi tarehe 14, watu mia mbili. Kazi yangu ni moja: friza isifunguliwe ovyo. Nimeahidi. Mke wangu ana wasiwasi wa bure wakati mwingine.

Mchana, kibandani kwangu Point, hapa Durban, nikiwa na simu ya mteja imefunguka tumbo mezani, Jeancy, rafiki yangu muuza vitu vikuukuu, ameingia na habari. Ana paneli sita za sola kutoka saluni moja iliyofungwa. Wakati wa mgao wa umeme watu waliziwania. Sasa umeme haukatiki, hakuna anayeziangalia. Nikamuuliza, basi na mimi za nini? Akasema siku hizi mtu hafungi sola ili awashe taa, anafunga ili auze. Jiji linanunua umeme wa watu.

Sikumsikia tena mteja alikuwa analalamikia nini.

Jumanne, 3 Juni

Kwa paneli zile nimempa Jeancy baiskeli yangu na spika mbili kubwa, zile za enzi zangu za kupiga muziki kwenye arusi. Ameongeza na inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani. Ameniambia unaichomeka tu ukutani, umeme unatoka kwa njia ileile uliyoingilia.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Si pesa peke yake. Ni Nimbona, jirani yangu Mrundi, fundi cherehani. Ana sola tangu miaka ile ya giza. Nilikuwa ninavuka uzio kwenda kuchaji simu kwake, na kila mara alinipokea kwa maneno yaleyale: karibu kwenye mwanga, jirani. Kila mara. Sasa tutaona. Yeye anatumia umeme wake mwenyewe, kama mtu anayepika na kula peke yake. Mimi nitakuwa muuzaji.

Alhamisi, 5 Juni

Ofisi ya umeme, mjini. Nimevaa koti la arusi. Nimemwambia mama wa dirishani, kwa Kiingereza changu cha siku kubwa, kwamba mimi ni muuzaji mpya. Hakucheka. Amenieleza kwa subira: mwenye nyumba atie saini, injinia atie saini, mita yangu itolewe ifungwe inayosoma pande mbili. Jiji linanunua kwa bei ndogo kuliko linavyouza. Tena hulipwi mkononi, unapunguziwa bili. Na nisiunganishe chochote kabla ya kibali. Hilo alilisema mara mbili. Akanipa fomu ya kurasa saba.

Kwenye taxi ya kurudi nyumbani Pinetown nimefikiri sana. Mtu anayeleta mzigo husikilizwa haraka kuliko anayeleta karatasi. Waanze kuupokea umeme wangu, kibali kitakuja chenyewe. Fomu nimeiweka juu ya kabati.

Mwenye nyumba nimempigia simu. Kizulu changu ni cha sokoni. Nimemwambia kuna kitu nataka kuweka juu ya paa. Akasema sharp, yaani sawa. Kwangu hiyo ni saini.

Jumamosi, 7 Juni

Tumefunga, mimi na Jeancy. Tumefuata video ya bwana mmoja wa Ubelgiji, anaongea Kifaransa kizuri kabisa. Amesisitiza paneli zitazame kusini. Zetu zote sita zinatazama kusini, zimenyooka kama kwaya.

Jikoni soketi isiyotoa cheche ni moja tu, ya friza. Nimeamua hivi: mchana inveta, jioni friza. Friza iliyojaa inaweza kukaa kwa muda wa saa nane bila umeme, kila mtu anajua. Na zaidi ya hapo friza ni mlaji. Inachokula mchana ni mali ambayo ningeuza.

Nimbona alisimama kwenye uzio muda mrefu, futi ya kupimia nguo shingoni. Akauliza kwa upole kwa nini paneli zangu zimelipa jua mgongo. Nikamjibu kwamba nimefuata wataalamu. Wivu nao una macho.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikiliza mahubiri. Saa sita nimetoka nikasimama uani na kuangalia kivuli changu. Kimelala upande wa kusini. Kwa hiyo jua liko kaskazini. Bwana wa Ubelgiji anaishi upande mwingine wa dunia, na mimi sikufikiria.

Jioni nimezigeuza zote, peke yangu. Nimbona alinishikia ngazi bila kusema neno. Afadhali angesema.

Jumatatu, 9 Juni

Leo jua kali. Asubuhi nimechomoa friza, nimechomeka inveta, nimekaa kwenye kiti mbele ya mita yetu ya kulipia kabla. Namba zinashuka. Mwanzoni polepole, kufika saa tano zinakimbia. Nimeelewa mara moja: umeme unaondoka nyumbani kwangu kwenda mjini, na mita inaandika kila kinachotoka. Jumamosi, paneli zikitazama kusini, namba zilikuwa zinajikokota. Nimetaka kumpigia Marcelline, nikajizuia. Nitamshangaza.

Mchana nimekwenda kazini. Nimerudi jioni, nyumba giza. Mita inasoma sifuri. Jiji limechukua wote.

Nimenunua yuniti kwa simu, taa zimerudi, nimelala kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Jumanne, 10 Juni

Sifuri tena. Nimenunua tena. Wakubwa ndivyo wanavyoanza.

Pale Point kila mteja nimempa habari. Wawili wameniita Directeur, mkurugenzi.

Jumatano, 11 Juni

Harufu imenipokea mlangoni.

Waya wa friza uko sakafuni, pale nilipouacha Jumatatu asubuhi. Jioni ile nilikuta giza, nikashughulika na yuniti, sikuurudisha. Jana sikuangalia. Leo asubuhi sikuangalia. Siku mbili nzima, zaidi. Nimefungua mfuniko. Samaki wa arusi wanaelea kwenye maji ya rangi ya chai.

Nimekaa chini jikoni. Sijui kwa muda gani. Nimbona ameingia na glavu za mpira na mifuko mieusi. Hakuna aliyemwita, harufu ilivuka uzio yenyewe. Tumebeba pamoja, mifuko tisa. Baadaye ametaka kuona mita, akauliza kama kuna karatasi yoyote kutoka ofisini. Nimemtolea fomu. Akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Kwenye ukurasa wa tano akanisomea kwa sauti. Mita kama yangu haijui umeme unakwenda wapi. Uingie, utoke, inahesabu kwamba umetumia.

Nilikuwa ninaligawia jiji umeme wangu, na ninalipia kuugawa.

"Mimi siuzi hata kidogo, jirani," Nimbona akasema. "Vyerehani vyangu vinakula mchana, frigo inakula mchana. Jua likizama, nimeshashiba. Wewe ulikuwa na mlaji mzuri kuliko wote humu jikoni, ukamnyima."

Hakuniambia karibu kwenye mwanga. Ningependa angesema.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesugua friza kwa siki na ndimu mpaka vidole vikawaka. Marcelline ameingia saa nane, na mkoba, na picha za mapacha kwenye simu. Kabla hajazionyesha nimemwambia umeme ulikatika.

"Wapi?"

"Pinetown nzima. Siku mbili."

"Na kwa Nimbona?"

"Nzima, Marcelline."

Akasema anaongea na Epiphanie, mke wa Nimbona, kila siku kwenye simu. Akasema hivyo tu. Akafungua friza, akatazama ndani, akafunga. Halafu akaniuliza mara ya mwisho kuangalia ilikuwa siku gani. Nikamwambia kweli, yote, mpaka habari za Ubelgiji. Hakupaza sauti. Akavua viatu vya safari, akavaa vya kawaida, akakaa.

Miaka sita iliyopita alikuwa anapanda ngazi za magorofa ya South Beach na ndoo ya barafu, samaki kumi kumi, anagonga mlango kwa mlango. Mimi nilimwambia ile biashara haina mbele. Friza aliinunua mwenyewe, akaifikisha hapa juu ya lori la magodoro, amekaa nayo nyuma akiishika. Siku ile nilikuwa na mpango mwingine, sikwenda kumsaidia kubeba. Hata siukumbuki ulikuwa mpango gani.

Ijumaa, 13 Juni

Tumekwenda Point kwa Mama Valérie. Nilimwambia Marcelline nitaongea mimi. Akasema hapana.

Nimesimama mlangoni kama mtu wa kuleta mzigo. Marcelline hakunitaja. Alisema, "Mama, samaki wameharibika mikononi mwangu, nisamehe." Mikononi mwake. Nilifungua mdomo, akaniangalia, nikaufunga. Mama Valérie akasema asihangaike, atamwita Laurette apike kuku. Laurette naye ni mpishi, anauza chakula pale soko la juu. Kwa miaka mitatu amekuwa akimtafuta Mama Valérie bila kumpata. Mimi nimempatia kwa siku tatu.

Jumamosi, 14 Juni

Arusi. Tulialikwa, tumekwenda. Kuku wa Laurette ni mzuri, sina la kusema.

Mama mmoja wa meza yetu, mgeni kutoka Pietermaritzburg, amelamba vidole na kumuuliza Marcelline nani amepika. Ana ubatizo mwezi wa saba. Marcelline akamwambia ni Laurette. Kisha akafungua pochi, akatoa simu, akamsomea namba ya Laurette, polepole, akairudia mara mbili mama asikosee.

Nilitoka nje. Nilisema nafuata hewa. Nimesimama nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria, na koti langu la arusi, ninalia kama mjinga.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu, kazi hakuna. Asubuhi Marcelline ameniuliza kama nakunywa chai. Ni sentensi ya kwanza tangu Jumamosi. Nimekunywa vikombe vitatu.

Nimbona amekuja na Epiphanie. Ana fundi mwenye cheti, anaweza kuja Jumatano. Atafunga zile paneli kwa utaratibu, mchana kutwa friza iwe inakula jua, jiji tuliache na mambo yake. Kuuza tutafikiria siku fomu itakapojazwa. Marcelline alihesabu kwa vidole, akasema kwa njia hiyo yuniti za mwezi zitapungua karibu nusu, anaweza kuanza tena na kilo kumi. Akanigeukia, akaniuliza ninaonaje. Ameniuliza mimi, baada ya yote. Nikasema ni wazo zuri. Nilimaanisha. Nimejifunza na nimejuta, na nimeapa moyoni.

Mchana nikaenda South Beach kunyoosha miguu. Upepo ulikuwa unavua watu kofia. Nikakaa kwenye benchi nikifikiri: jua linalala saa kumi na moja, kipindi hiki cha baridi. Upepo haulali. Nani hapa Durban anauza umeme wa upepo? Hakuna hata mmoja. Na kosa langu, ukilitazama vizuri, halikuwa kuuza. Lilikuwa ni jua.

Jeancy ana feni ya chuma ya meli moja iliyovunjwa bandarini, mabawa yake ni marefu kuliko mimi. Anataka zile paneli sita, amesema, na tumemalizana. Bakkie lake, ile pikapu, lilikuwa tupu na Marcelline alikuwa kwenye maombi, kwa hiyo paneli tumezishusha leo leo.

Sijamwambia. Nitamwambia ikianza kuzunguka.