Namba Zinalingana

Jumatatu, 3 Juni 2019

Nadine kaenda Kentucky kumchukua mama yake. Watarudi Jumapili, na gereji yetu ndiyo itakuwa chumba cha mama mkwe. Kapeti imenunuliwa, kitanda kimenunuliwa, kilichobaki ni mimi kuuza gari langu la Chevelle. Nadine kaniambia akiwa ameshashika usukani: nikikuta chuma humo ndani, Verlon, nageuza na mama yangu palepale barabarani, na Ohio hunioni tena. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hanijui. Mimi ni mtu niliyezunguka: Detroit, Tulsa, hata Mexico mchana mmoja. Na gari ni la mwaka sabini, jekundu, nimelifumua na kuliunda upya kwa mikono hii. Injini ya kisasa ya kompyuta. Breki mpya. Kiyoyozi cha kugandisha ulimi. Nimetangaza mtandaoni na picha. Keshokutwa halipo.

Jumatano, 5 Juni

Lipo.

La Gaylen, jirani wa ng'ambo ya barabara, ndilo lililouzwa. Chevelle la mwaka uleule, rangi imebabuka, panya wamezalia kwenye viti, na watu wameligombania kama keki ya harusini. Nikamwuliza siri. Kaegemea uzio, kanijibu taratibu kama mwalimu wa chekechea: namba zinalingana, Verlon. Yaani namba iliyogongwa kwenye injini ndiyo ya gari lenyewe, zimetoka kiwandani pamoja na hazijaachana. La kwako wewe, akasema, ni ndoa ya pili.

Kisha akaniomba nimsaidie kulisukuma lipande trela la mnunuzi. Nimesukuma. Sikulelewa porini. Mgongo unawaka mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Juni

Wanataka uzee? Watapata uzee. Kutwa nilikuwa chini ya boneti. Kiyoyozi nimeking'oa. Injini nimeipaka rangi ya chungwa, ile ya enzi zile. Kompyuta nimeifunika kwa bati la keki la Nadine nililolipaka nyeusi. Ukisimama mbali na ukiwa na haraka, ni kabureta ya zamani. Namba ya gari nimeigonga mwenyewe kwenye injini kwa nyundo na patasi. Saba imelala kidogo. Tangazo jipya: NAMBA ZINALINGANA. HALIJAGUSWA.

Akili ya namna hii haifundishwi shuleni. Ningejua, ningekaa kule hadi mwisho.

Ijumaa, 7 Juni

Kaja mnunuzi. Mama mmoja mjane kutoka Toledo, Bibi Trudell, kofia ya majani, hundi mkobani. Akauliza kiyoyozi. Nikasema kwa fahari, hakijawahi kuwemo, mama. Breki? Za babu zetu, unakanyaga leo linasimama kesho. Akauliza mbona injini si ile ya kisasa. Nikaapa kwamba ni ya kiwandani, aipapase namba kwa kidole chake.

Kisha akasema kwamba marehemu mumewe alikuwa na kama hili. Ujana wake wote ameutolea jasho kando ya barabara, mume kalala chini ya gari anamwomba spana. Sasa anataka sura ileile, lakini limfikishe kwa wajukuu New Mexico bila kumtia aibu. Ndiyo maana alipoliona tangazo la Jumatatu, alilia.

La Jumatatu!

Nikageuza ulimi hapohapo. Nikachomoa bati la keki, nikamwonyesha kompyuta inavyometa. Akalitazama bati. Akaitazama ile saba iliyolala. Akaniuliza, mwanangu, umenidanganya Jumatatu au leo? Nikamjibu kwa uaminifu kabisa: inategemea unataka lipi.

Kaondoka polepole, vioo vimefungwa. Gari lake lina kiyoyozi.

Jumamosi, 8 Juni

Nadine kapiga simu kuuliza kama gari limetoka. Nikasema limetoka kwa namna fulani. Namna gani? Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika, kwa hiyo nilimsikia vizuri akimwambia mama yake afungashe taratibu, asijiumize.

Mama mkwe ndiye mtu pekee katika ukoo ule anayecheka nikitania. Leo sikula.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshinda. Chevelle limeondoka saa nne asubuhi. Jamaa wa vyuma chakavu kutoka Findlay hakuwa na pesa, basi tumebadilishana: mimi nimempa moja, yeye kanipa mawili. Moja halina mbele, jingine halina nyuma. Mvua ilikuwa inaanza, nikayaingiza gereji.

Nadine kafika saa tisa. Hakuzima injini. Nikamkimbilia dirishani kumweleza kwamba nimetimiza neno lake, Chevelle lile halimo. Akaitazama gereji kwa muda mrefu. Mama mkwe akanipungia mkono, nikampungia. Kisha Nadine akarudi nyuma, akakata kona, wakaenda zao. Nilisimama mvuani mpaka taa zao zikapotea.

Nimekula maharage ya kopo, nimesimama. Halafu nimepima: nusu ya hili na nusu ya lile zinaoana kabisa. Kesho naanza kuchomelea. Nikimaliza, Nadine mwenyewe ndiye atakayekataa tuliuze. Namjua mke wangu.