Kipenyo cha Mheshimiwa

Idara yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba foleni imefutwa. Kuanzia sasa kuna duara.

Nasema "yetu" kwa sababu mimi ndiye Mchoraji Mkuu wa Maumbo. Zamani nilikuwa mfagiaji, na ufagio bado ninao, lakini cheo ni cheo. Nilikipata kwa kuwa nilibaki na rangi nyeupe na brashi baada ya kupaka choo. Shule niliishia darasa la saba, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akisinzia, kwa hiyo sikuwa na elimu ya kunizuia.

Mambo yalianzia kwenye grafu ya malalamiko ukutani. Mstari wake ulikuwa ukipanda tu, kama ngazi ya fundi wa paa. Mheshimiwa Mkurugenzi aliitazama, akakuna kidevu, akaagiza igeuzwe juu chini. Nikapanda stuli, nikageuza. Malalamiko yakashuka siku ileile, na mimi nikapongezwa kwa utendaji.

Nje watu hawakuiona grafu, wakaendelea kufoka. Mkurugenzi akatoka barazani kuwaelimisha kwamba kitaalamu mstari hauna mwanzo wala mwisho, hivyo foleni isiyokwisha ni dalili ya ofisi inayofuata hesabu. Waliposhindwa kuelewa, akaamua kuwaletea duara, umbo lisilo na wa mwisho. Asiye wa mwisho atalalamikia nini?

Kwenye foleni hiyo alikuwemo mama yangu mdogo, fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa kimepigwa alama nyekundu ya kuvunjwa jioni ile, asipopata muhuri wa Mkurugenzi. Muhuri ulikuwa ndani, mama mdogo alikuwa nje, na katikati nilisimama mimi na brashi.

"Mwanangu, si unafanya kazi humu? Nipenyezee hata dirishani."

"Mama mdogo, mimi ni mtu wa maumbo. Mihuri ni kitengo kingine."

Alinitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, akarudi kusimama. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Nikaitwa kupewa maagizo. Duara lichorwe uwanjani, watu wafuate rangi, asiiache mtu hata hatua moja. "Na kipenyo kiwe kikubwa," Mkurugenzi akasema, "watu ni wengi."

Nikauliza kipenyo kipite wapi.

"Kipenyo hupita kwenye kitovu. Hata hilo hujui?"

Nikasema najua, maana mwenye cheo hasemi hajui. Na kweli nilijua. Kipenyo ni pale unapopenya. Kwa bibi yangu kulikuwa na kipenyo kwenye ua, tukipitia kwenda kisimani. Kitovu nacho hakikunipa shida, kwani kila mkutano Mkurugenzi hujitambulisha kuwa ndiye kitovu cha Idara. Basi nikachora duara, nikaacha kipenyo kikubwa, kisha nikaivuta rangi kutoka pale mpaka mlango wake wa nyuma, ule anaoutoroka nao mwenyewe wakati karani anawaambia watu kuwa bosi yuko safarini. Nikauegemeza kwa ufagio usijifunge.

Watu wakafuata rangi kama walivyoagizwa. Mama mdogo ndiye aliyetangulia.

Tulikikuta kitovu kimevua viatu, kinakula karanga, na maganda kinayavunja kwa muhuri.

"Nani kawaruhusu?"

"Rangi, mheshimiwa," mama mdogo akasema, akaweka karatasi yake juu ya maganda. "Na nyuma yangu wamejaa mpaka uwanjani. Gonga, baba, tuzunguke."

Akagonga. Hakuwa na pa kutokea, maana hata mlango wa mbele ulijaa waliokwisha kugongewa, akaendelea kugonga mpaka wino ukaisha, akaletewa mwingine.

Jioni kibanda kilikuwa kimesimama, na cherehani inalia ndani. Mkurugenzi akaniita, akaniambia mimi ni pembe butu. Nikashukuru sana, nikijua nimepandishwa cheo tena.

Lakini wakubwa wake walipokuja kukagua na kukuta mihuri mingi namna ile, waliusifu ubunifu wake mbele ya wafanyakazi wote, wakaamuru kipenyo kisizibwe kamwe na mlango wa nyuma ung'olewe. Alipiga makofi pamoja nasi. Angefanyaje?

Jana mchana alitaka kwenda kula. Akachungulia penye mlango uliong'olewa, akakuta watu wanaingia bila kukatika, akamwomba bibi mmoja ampishe.

"Wote tumo kwenye rangi, mjukuu wangu," bibi akamjibu. "Zunguka na wenzako."

Mkurugenzi akanigeukia mimi, mtaalamu. Nikamshauri akunje suruali, maana nilikuwa nimepaka upya asubuhi.