Mfuta Mikopo

Profesa aliitwa Profesa kwa sababu ya miwani, maana chuo alikiacha mwaka wa pili, kabla chuo hakijamwacha yeye. Asubuhi moja alipita mbele ya ofisi ya mikopo ya wanafunzi, akaona foleni ya watu wenye shahada, akawauliza, "Mnadaiwa kiasi gani?" Hakuna aliyejua. Wengine walikumbuka walichokopa. Kilichobaki walimwachia Mungu.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa heshima zote. Ujinga wa msomi ni shamba lisilo na ua.

Muda si mrefu alikuwa amekodi meza kwenye duka la fotokopi ng'ambo ya barabara. "Nina mtu ndani," alinong'ona. "Unanipa kidogo, deni lako linafutika." Mkoba ukaanza kunenepa. Gari alishalichagua, jekundu; kilichopungua ni mteja mmoja wa maana.

Akaja muuguzi mwenye sare safi na ulimi mkali.

"Kaka, na wewe ulisoma kwa mkopo?"

"Nilisoma. Nikajifutia mwenyewe, dada yangu."

"Basi fungua akaunti yako hapa. Nikiona sifuri, nakuletea wodi nzima."

Wodi nzima! Profesa hakusita. Tangu aache chuo hakuwahi kupata barua hata moja, na kwa elimu yake, deni lisilobisha hodi limeshakufa. Akaingiza namba yake kwenye kompyuta ya duka, akaigeuza ili wateja wote waliokuwa kwenye benchi waone muujiza.

Deni lilikuwa hai, na lilikuwa limezaa. Barua zote zilitumwa bwenini, kwenye chumba alichohama zamani. Chini kabisa paliandikwa: *Mdhamini ataanza kudaiwa Jumatatu.*

"Mdhamini wako nani?" muuguzi aliuliza.

"Shangazi," Profesa alijibu, kwa sauti ya mwanafunzi aliyekutwa na mkate chini ya godoro. Shangazi alikuwa askari magereza mstaafu. Kazi ilistaafu, mkono bado.

"Rudisha hela zetu!" Benchi zima likasimama. Mkoba ukakonda upesi kuliko ulivyonenepa, na gari jekundu likaenda zake bila dereva.

"Dada, nifanyeje?"

"Vuka barabara. Omba taarifa ya deni, badilisha anwani, mkubaliane ulipe kidogo kidogo. Ukiandikishwa leo, shangazi hasumbuliwi. Mimi ndivyo ninavyolipa kila mwezi."

"Kumbe unajua yote! Sasa kwangu ulifuata nini?"

"Hela ya mdogo wangu. Alikulipa asubuhi."

Wakavuka barabara msafara mzima, Profesa mbele, kama bwana harusi anayesindikizwa asitoroke. Dirishani karani akauliza, "Kazi yako?"

Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta. Nyuma yake shingo zilirefuka.

"Andika mwanafunzi," alisema muuguzi. "Leo ndiyo ameanza kusoma."