Mwenzi wa Kuandikisha

Jumatatu, 21 Oktoba

Tangazo jipya mlangoni pa ghala, hapa kiwandani kwetu kwa biskuti. Kila mfanyakazi aweza kumwandikisha mwenzi anayeishi naye apate kadi ya matibabu. Mwanamume au mwanamke, wenye ndoa au wasio nayo. Nimelisoma mara mbili. Kisha nikalifunua nione kama nyuma kuna jingine. Kiwanda hiki hakitoi hata biskuti zilizovunjika bila kutaka kitu.

Mwaka jana Sidro alipofariki niliomba ruhusa ya msiba. Wakaniambia kanuni inamtambua mume au mke, haimtambui mtu ninayechangia naye kodi ya nyumba. Nilimzika kwa ruhusa ya kuumwa jino.

Sasa eti wamebadilika. Ni mtego. Lakini chambo chake ni kizuri, nami nina nia ya kukila bila kunaswa.

Jumanne, 22 Oktoba

Mpango umepatikana. Nang Pacing wa chumba cha pili, fundi cherehani. Namwita Nang, dada mkubwa, naye huniita Nong, kaka mkubwa, ingawa tumezaliwa mwaka mmoja. Anapenda ukubwa. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kila asubuhi namtungia uzi kwenye sindano kabla sijaenda kazini. Daktari amesema asipopasuliwa karibuni atakuwa kipofu. Ndiye aliyeshona shati jeupe alilozikwa nalo Sidro, akaongeza mfuko wa kifuani, maana Sidro hakuwa akitoka bila kitana chake.

Mumewe alitokomea kisiwa cha Mindanao zamani, na nchi yetu haina talaka. Basi si mke wa mtu na hawezi kuwa wa mwingine. Yeye hana kadi, mimi sina mtu. Kiwanda kilichomkataa Sidro kitamlipia Nang Pacing. Hiyo ndiyo haki.

Nilipomweleza alicheka mpaka mkasi ukamdondoka. "Wewe, Nong Terio? Mtaa mzima unajua wewe ni mjane wa Sidro." Nikamwambia mtaa hausomi matangazo ya kiwanda. Akasema atafikiri, kuna mtu anataka kumwuliza kwanza. Mtu gani, hakusema. Sikupenda.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tunapelelezwa. Nong Ambo, mlinzi wa geti la kiwanda, yuko kwa Nang Pacing tena. Jana alikuja kuazima chumvi. Leo kaja kuirudisha. Nani hurudisha chumvi?

Tena alfajiri nimemwona akitoka uchochoroni kwetu, nywele zimelowa, anapiga mluzi. Shati lake la kazi limeanikwa kwenye kamba ya Nang Pacing. Wapelelezi wa siku hizi hawana hata aibu ya kujificha. Bila shaka ofisi imemtuma.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nang Pacing amekubali! Alinijibu mbele ya Nong Ambo, jambo lililonitia jasho. Alisema kwa sauti ya sokoni: "Sawa, Nong Terio, niandikishe wewe. Wapo wengine wana kazi hapo hapo kiwandani, ila wanaogopa watoto wao watu wazima watasema nini." Nong Ambo akainamisha kichwa kwenye supu. Nimemkanyaga Nang Pacing mguu anyamaze. Akanikanyaga na yeye, kwa nguvu zaidi.

Jumapili, 27 Oktoba

Mazoezi baada ya misa. Ofisi huwatembelea wanaojiandikisha na kuwahoji mmoja mmoja. Nimemfundisha kwamba mimi hukoroma, sili bamia, na huweka soksi juu ya redio. Ameshika yote. Nikamwambia ya kwake nitayajua tu, sisi ni majirani wa miaka mingi. Akauliza yeye hunywa nini asubuhi. Nikasema chai. Ni kahawa. Jambo dogo.

Jumanne, 29 Oktoba

Madam Leonila wa ofisi ya wafanyakazi amekuja. Mpole mno. Nikawa macho.

Alianza na Nang Pacing jikoni, kisha mimi barazani. Mwenzi wangu hula nini asubuhi? Wali wa jana uliokaangwa na kitunguu saumu, na kichwa cha samaki mkavu. Macho ya samaki huyaacha, anasema yanamtazama. Anaogopa nini? Radi. Hukimbilia kufunika kioo kwa shuka, kisha hukaa na mimi hadi ipite, akijifanya ndiye anayenituliza. Hulala upande gani? Wa ukutani. Ukimgusa bega huomba radhi bila kuamka. Nilijibu yote bila kusita. Nilijivunia sana.

Akauliza mwenzi wangu ndevu hunyolea wapi. Nikasema dirishani pa jikoni, ndipo penye mwanga.

Madam akaweka kalamu chini. "Nong, Nang Pacing hunyoa ndevu?"

Kutoka jikoni nikasikia, "Ee Mama Maria, huyu mtu." Kisha kicheko.

Madam alitazama kitambaa cheusi cha msiba nilichobandika kifuani kwa pini. Akauliza mwaka wa matanga unaisha lini. Nikasema tarehe kumi na nne. Akasema jina la Nang Pacing hataliandika popote, lisije likaharibiwa kwa ajili yangu. Alipokuwa akitoka alinishika mkono.

Anataka nini huyu mama?

Jumatano, 6 Novemba

Nimeibiwa mpango wangu. Nong Ambo amemwandikisha Nang Pacing! Madam alipomwuliza mwenzi wake anaogopa nini, eti alisema, "Anaogopa nikichelewa kurudi." Wakapitishwa papo hapo. Atapasuliwa jicho la kwanza kabla ya Krismasi. Kwa macho yake nimefurahi, nimefurahi kweli, nililia kidogo ghalani nyuma ya magunia ya unga. Lakini wizi ni wizi.

Nikaenda kwa Madam kumtahadharisha kwamba huenda wale wanadanganya, na kujitolea kuwa mkaguzi, maana mimi wenzi wa kweli nawajua. Akauliza nina ushahidi gani. Nikataja shati kwenye kamba, ndala mlangoni, kutoka alfajiri, chumvi. "Nong Terio," akasema, "huo ndio ushahidi wao."

Wote wako kundi moja.

Alhamisi, 14 Novemba

Mwaka umeisha. Madam amenipa ruhusa ya msiba, ile halisi, kwa jina la Sidro, na pembeni neno "mwenzi". Nilitafuta hila iko wapi. Huenda wanataka kuhesabu magunia nisipokuwepo. Asubuhi nilipitia getini kuchungulia. Nong Ambo akanizuia. "Nenda, Nong. Leo huruhusiwi kuingia hata ukilia."

Nang Pacing alinitoa kitambaa cheusi, akanidunga na pini mara mbili kwa kutoona. Tukasali, tukala tambi na wali wa nazi wa kunata. Majirani walipoondoka makaburini nilibaki na mshumaa. Nikamweleza Sidro yote. Angecheka hadi akohoe, halafu angeniambia niache mambo hayo.

Nilikuwa naacha. Kisha nikakumbuka kwamba Desemba kiwanda hugawa paja la nguruwe kwa kila mfanyakazi, na mwaka huu mwenzi aliyeandikishwa atapata la kwake. Nimeipitia ile kanuni kichwani, neno kwa neno. Haisemi popote kwamba mwenzi lazima awe hai.

Jumatatu nitamwandikisha Sidro. Madam akiniuliza kama bado naishi naye, nitasema ndiyo, na hapo sitakuwa nimedanganya hata kidogo.