Njia Mpya Kupita Msitu wa Watu

Jumapili, 2 Februari
Njia yetu ya msituni imekufa. Mvua za wiki mbili na pikipiki za wahuni zimeigeuza kuwa jaruba la mpunga. Mwanachama mwenzetu Bi Time alizama hadi magotini, tukamvuta watu wanne. Kiatu kimebaki huko huko. Wanachama wamenung'unika hadi kituo cha treni: bila njia, klabu ya matembezi ya Watanzania wa huku ughaibuni ivunjwe. Isivunjwe! Uchaguzi ni Jumapili ijayo, na mimi Lusekelo, katibu kwa miaka sita, nautaka uenyekiti. Atakayeihamisha njia ndiye atakayechaguliwa. Sikai, silali.

Jumatatu, 3 Februari
Nimemdanganya bosi kwamba nina miadi ya jino. Nimekwenda msituni peke yangu. Nimepata sehemu safi kabisa, kavu, katikati ya misonobari. Ila ni mali ya mtu. Kuna ubao unaosema hivyo. Method, mweka hazina na mpinzani wangu, mtu anayepiga pasi hata soksi, amenipigia simu. Kumbe naye ameshapaona. Anasema pale kwenye geti la msitu kuna nyumba, twende tukabishe hodi tumwombe mwenyewe. Wazo zuri. Bahati mbaya ni la Method. Nimemwambia halitekelezeki.

Jumatano, 5 Februari
Nimechana mabaki ya kitenge cha sare ya harusi ya shemeji yangu Haika, nikafunga vipande kwenye miti thelathini na moja kuonyesha njia mpya. Nyumba ya getini inatoa moshi. Nimepita nimeinama. Jioni mke wangu Winifrida ameuliza kitenge chake kiko wapi. Kumbe hayakuwa mabaki. Kilikuwa kinasubiri fundi.

Alhamisi, 6 Februari
Kitu kikishazinduliwa hakizuiliki! Nimemwalika mchungaji wa kanisa letu la Lewisham awe mgeni rasmi wa uzinduzi wa njia Jumamosi. Nimeunda kamati ya mapokezi, kamati ya chakula na kamati ya utepe. Wajumbe wa zote ni mimi na Bi Time. Bi Time ameuliza kama mwenye msitu amealikwa. Nimemjibu kwamba kamati ya mialiko bado haijakaa.

Jumamosi, 8 Februari
Aibu! Watu arobaini, meza kuu, sambusa. Nilikuwa ukurasa wa tatu wa risala, kwenye changamoto, akatokea mama mmoja na mbwa, amevaa gambuti. Nikamnong'oneza mchungaji asijali, huyu nitampoza kwa sambusa mbili. Mama akajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, kwamba anaitwa Kalpana, msitu mzima ni wake, na Tanga alikozaliwa hata mtoto wa miaka mitatu anajua kupiga hodi. Mbwa akala sambusa. Kalpana akatangaza kwamba anaufunga msitu wote, njia mpya na ya zamani.

Bi Time akaanza kulia. Akasema tangu mumewe afariki, Jumapili ya hapa ndiyo siku pekee anayozungumza na watu. Nilitamani ardhi inimeze. Method akatoka hadi nje ya geti, akageuka, akapiga hodi. Nikacheka. Kalpana hakucheka. Akamkaribisha ndani, yeye na Bi Time! Wamekunywa chai dakika arobaini, sisi tukitetemeka na mgeni rasmi wetu.

Jumapili, 9 Februari
Tumeruhusiwa kupita kwenye misonobari. Masharti: tutandike mbao penye matope, vitambaa vyangu vyote vifunguliwe, na katibu atembee nyuma ya wote. Bi Time leo amezungumza njia nzima bila kupumzika. Nimefurahi, nakiri. Method ni mwenyekiti kwa kura thelathini na tisa. Mimi moja, ya kwangu. Winifrida hanitazami usoni.

Jumatatu, 10 Februari
Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona: risala ilikuwa ndefu. Ningekata utepe kwanza. Hata hivyo, kutembea nyuma kuna faida, unaona mambo. Ng'ambo ya uzio kuna uwanja mtupu, mzuri mno kwa kuegesha magari ya wanachama. Pembeni yake kuna nyumba, na dirishani alikuwepo mtu, akanipungia mkono. Method anashauri tukabishe hodi. Nimeshachimbia nguzo nne.