Cheti cha Sumu

Profesa Tone alikuwa kwa muuza mabomba, akinunua kipande cha bomba la plastiki kwa maneno mengi na pesa kidogo, aliposikia habari iliyomfanya asahau chenji yake. Fundi mmoja alikuwa akilalamika kwamba ameitwa huko mashamba, kwa mjane ambaye bomba lake linakohoa na kutema maji ya rangi ya chai. Tena mjane mwenyewe yuko vitani na shemeji yake. Marehemu aliacha kisima kisichokauka hata kiangazi, na kaka mtu anakitaka.

"Wanaamuliwa lini?" aliuliza Profesa, kama mtu anayeuliza saa.

"Jumamosi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji."

Uprofesa huo hakupewa na chuo chochote. Alijitunuku mwenyewe, kwa unyenyekevu mkubwa, baada ya kufukuzwa kazi ya kutembeza sabuni. Mtaji wake ulikuwa vyuma viwili vilivyofungwa kwenye betri, chupa ya maji safi, na mtambo wa kuondoa sumu, yaani bomba la plastiki alilolishindilia mchanga na mkaa. Yeyote atakayeshinda kisima, aliwaza, atauhitaji mtambo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Jumamosi akafika na koti jeupe. Uani aliwakuta watu watatu: mjane, ambaye ni mwanamke mfupi asiye na haraka; shemeji, ambaye alikwisha kuchukua ng'ombe wa marehemu, mabati yake na hata saa yake ya ukutani; na mwenyekiti, aliyekuwa akipiga miayo.

"Afya kwanza, wazee wangu," alisema Profesa. "Mtagombana baadaye, mkiwa hai."

Akachota maji ya kisima kwenye glasi moja, ya pili akaijaza maji ya chupa yake, kisha akatumbukiza vyuma katika kila moja kwa zamu na kuwasha betri. Muda si muda maji ya kisima yakageuka kahawia na tope likaelea juu. Ya chupa yakabaki vilevile. Shemeji, aliyekunywa vikombe viwili vya kisima asubuhi ile, akashika tumbo.

"Hiyo nini?"

"Sumu ya miamba. Huanza na ini, halafu hupanda."

"Hupanda wapi?"

"Usiniulize, mzee. Una familia."

Mjane akasogea. "Mwanangu, anayerithi kisima anairithi na sumu?"

"Yote, mama. Jirani akiugua, mwenye kisima ndiye wa kujibu."

"Basi tuandikie. Sisi watu wa mashamba tunasahau."

Profesa akaandika cheti cha ukurasa mzima na kukipiga mihuri miwili, maana watu wengi hushtushwa na ule wa pili. Akakaa kungoja wagombanie mtambo. Badala yake shemeji akasimama.

"Mwenyekiti, andika. Kisima na kiwanja ni vya shemeji yangu. Mimi sidai kitu."

Akatia saini, akaongeza na dole gumba, kisha akaondoka mbiombio. Mwenyekiti naye akaenda zake, bado anapiga miayo.

"Sasa mama, kuhusu mtambo," alianza Profesa.

Mjane alikuwa amekwenda jikoni. Akarudi na chumvi, akaitia kidogo kwenye glasi ya maji ya chupa. "Washa tena."

"Mama, chumvi inaharibu kipimo."

"Washa, baba."

Akawasha. Maji ya chupa yakawa kahawia kama yale ya kisima.

"Nimeosha vyombo vya maabara ya shule miaka ishirini na sita," alisema mjane. "Mwalimu wa sayansi aliufanya mchezo huu kila mwaka. Vinavyooza ni vyuma vyako. Na haya yako ni maji ya kuongezea betri, hayana chumvi hata chembe, hayapitishi umeme, ndiyo maana yalitulia."

Profesa akajaribu la mwisho. "Basi nitamfuata shemeji yako, nimwambie ukweli."

"Mfuate. Mwambie ulimdanganya mpaka akatia saini. Nyumba yake ni ile ya pili, na ukubwa wa mikono yake umeuona."

Profesa aliitazama ile nyumba ya pili. Aliogopa, na tusimcheke sana.

"Mume wangu alikichimba miezi minne," mjane akasema. "Yeye shimoni, mimi navuta udongo kwa kamba. Tangu mazishi sijalala vizuri hata siku moja. Kisima ni kizima. Kilichooza ni bomba linalotoka kwenye tangi. Hilo la mtambo wako linafika?"

Lilifika. Profesa akamwaga mchanga na mkaa wake, akavua koti jeupe, akalikata bomba la kutu na kuunga la kwake. Maji yakatoka safi, bila kikohozi. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, akanywa glasi mbili.

Mjane akamsindikiza hadi barabarani, cheti mkononi.

"Umeandika hapa kinaisha baada ya mwaka."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwakani uje upime tena, shemeji yangu si mtu wa kusahau. Na ukija, nataka maji yatoke mabaya kuliko ya leo."

"Yatakuwa mabaya sana, mama," alisema Profesa, akashika njia.