Amri ya Vidole Vinne

Kuanzia Ijumaa hii, mpiga ngoma wa halmashauri alitangaza sokoni Kuzhipatti, ni marufuku kwa raia yeyote, mwanamume, mwanamke au mtoto, kukalia kichuguu cha mchanga kinachozidi vidole vinne ndani ya hema la sinema. Atakayezidisha atatolewa nje, na filamu itaendelea bila yeye. Akapiga ngoma mara tatu, akaenda kunywa kahawa.

Amri yenyewe ilikuwa ya busara sana. Hema la Mama Angammal lilikuwa mchanga mtupu wa mtoni, wanawake upande huu, wanaume upande ule, kamba katikati. Sasa wewe umekaa, mbele yako kuna kichwa cha mtu. Utafanya nini? Unavuta mchanga, unajilundikia, unapanda. Wa nyuma yako naye anajilundikia. Wa nyuma yake naye vilevile. Ikifika wimbo wa tatu watu wote wako juu kama kuku darini, na hakuna anayeona zaidi ya alivyoona mwanzo. Miaka yote ilikuwa hivyo na hakuna aliyekufa. Lakini Bwana Ponnurangam, Afisa Msaidizi wa Maburudani na Mikusanyiko, hakuweza kuvumilia kuona tatizo zima likizurura mjini bila kamati.

Kamati ikakaa vikao kumi na kimoja. Kikao cha tano chote kilijadili vidole vya nani vitumike. Vikapita vya Bwana Ponnurangam mwenyewe, navyo vilikuwa vyembamba kama vya bibi harusi. Angammal, kwa kuwa hema ni lake, akateuliwa Mkaguzi wa Vichuguu, bila mshahara.

Bidii yote hiyo ilikuwa na sababu yake. Mwaka wa nyuma kampuni ya filamu ya Madras ilikuja kupiga picha hapo mtoni Vaigai, ile Machozi ya Vadivu, ambayo mpaka leo ukiitaja mbele ya bibi yeyote wa kule utamwona anatafuta pindo la sari. Waliomba kibali cha mto. Bwana Ponnurangam akawajibu mto una shughuli nyingi. Wakavunja nazi mbele ya kamera, wakawasha kafuri, wakampa na yeye moto wa baraka apitishe mikono. Mto bado una shughuli. Mwisho mwongozaji akaelewa. Siku ileile mto ukapata nafasi, na Bwana Ponnurangam akapata kupita nyuma ya Vadivu, faili kwapani, pale mjane anapolia ukingoni.

"Nitembeeje?" aliuliza.

"Kama unavyokwenda ofisini, bwana."

"Sijawahi kujitazama nikienda."

"Basi tembea tu."

Akapita mara moja, wakasema imetosha. Kwamba mbuzi alikuwa nyuma yake anaitafuna ile faili, yeye hakujua, na wale watu wa Madras wana adabu, hawakumwambia.

Filamu ikatoka. Ikaliza miji, ikatimiza siku mia ikionyeshwa mjini Madurai. Yeye hakwenda kuiona huko, alitaka ajione kwao, mbele ya watu wanaomjua. Na zaidi ya hapo, kiti cha Afisa Kamili kilikuwa wazi. Kwa hiyo filamu ilipopangiwa hema la Angammal Ijumaa hiyo, alimwalika mkuu wa wilaya. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: mkuu amwone pale juu kwenye kitambaa, uso mpana kama mlango, na mwenyewe ajione.

Ijumaa jioni, spika inaimba nyimbo za mungu Murugan kuita watu, Angammal akamjia Bwana Ponnurangam.

"Kaka, hivi viti vya wageni niviweke wapi?"

"Nyuma, kando ya mashine ya picha, kama siku zote."

"Amri inasema asikae mtu juu ya vidole vinne. Kiti nimekipima. Ni thelathini."

"Hivyo ni viti vya serikali, dada."

"Amri haikusema hivyo. Nimesomewa mara mbili."

Mkuu wa wilaya, mtu mrefu kama mnazi, alikuwa keshafika; akacheka, akavua viatu. "Sheria ni yako mwenyewe, Ponnurangam. Tukae." Akakaa mchangani, katikati, mbele ya mashine. Bwana Ponnurangam, kwa heshima, akakaa nyuma yake. Taa zikazimwa, na tangu hapo hakuona filamu. Aliona mgongo.

Wimbo wa kwanza, mgongo. Vadivu akaolewa, mgongo. Mume akafa, mgongo ukatikisika kwa kilio. Bwana Ponnurangam akanyoosha mkono polepole, akavuta mchanga kidogo. Halafu mwingine. Aliposikia sauti ya mto akajua zamu yake imefika, akavuta kwa mikono miwili kama anachimba kisima, akapanda juu.

Hapo kichwa chake kikaingia kwenye mwanga wa mashine.

"We mwenye masikio, shuka!"

"Mzee, kichwa hicho umekikodi?"

"Chini, tunalia hapa!"

Yeye macho kitambaani. Kulia Vadivu analia, kushoto mbuzi, na katikati kichwa kikubwa cheusi, palepale ulipotakiwa uso wake. Akainama kulia ajichungulie. Kivuli nacho kikaenda kulia, hatua kwa hatua na yule wa kitambaani, kikamfunika mwanzo mpaka mwisho. Akabaki mbuzi peke yake, karatasi ya serikali mdomoni. Hema zima lililokuwa linalia likaangua kicheko, miluzi ikapigwa. "Rudisha! Rudisha!"

Angammal alishafika, mkono kwenye kichuguu. "Vidole kumi na tisa, kaka."

"Kwa vidole vya nani?"

"Vyangu. Kwa vyako ni ishirini na tano."

"Amri niliiandika mimi."

"Ndiyo maana haina pa kutokea."

Bwana Ponnurangam akamgeukia mkuu wa wilaya. Mkuu hakugeuka, alikuwa anafuta machozi. "Mtoeni upesi jamani, wanarudisha ile ya mbuzi."

Alisimama nje ya hema, mchanga umejaa mpaka mfukoni, akisikia watu wanacheka, wanapiga miluzi, mashine inarudishwa mara ya pili, ya tatu. Mapumziko yakafika, Angammal akatoka na sinia la murukku, vile vitafunio vya kukaanga, akampa kimoja.

"Wameniona?"

"Wamekuona vizuri, ulipotoka tu."

"Na mkuu?"

"Huyo amefurahi sana. Ametoa kalamu, ameandika jina."

Bwana Ponnurangam akajipangusa mchanga, akaweka kola sawa. "Langu?"

"Aliuliza mbuzi ni wa nani," alisema Angammal. "Nikamwambia ni wangu."